Midomo inasema, sauti inachelewa: kutafuta chanzo cha hitilafu kwenye uhariri wa filamu na video

Malalamiko ya wahariri yanafanana sana, awe mtu anakata tamthilia ya televisheni au video ya harusi. Kinachotofautiana ni pale anapoanza kutafuta. Wengi huanzia kwenye taimlaini (ile sehemu ya programu inayopangiwa klipu na sauti) kwa sababu ndipo tatizo linapoonekana, wakati mara nyingi liliingia siku ya kurekodi, au linatoka kwenye kompyuta yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujagusa mkato wowote, hifadhi mradi kwa jina jipya. Kisha cheza faili ghafi nje ya programu ya kuhariri; VLC, programu ya kuchezea video, inatosha. Halafu fungua taimlaini tupu, uweke klipu hiyo peke yake. Hitilafu ikionekana VLC, kwa kawaida imetoka kwenye kamera. Ikianzia kwenye taimlaini tupu, ni mipangilio, aina ya faili au kompyuta. Ikionekana kwenye taimlaini yako ya kazi tu, basi ni kitu ulichokifanya wewe: efekti, mabadiliko ya kasi, au safu ya sauti uliyoisogeza bila kujua.

Sauti haiendani na midomo

Jiulize kwanza unasikiliza kwa kifaa gani. Hedifoni za Bluetooth huchelewesha sauti, na si kila programu inafidia ucheleweshaji huo. Televisheni kubwa nayo huchelewesha picha wakati inaisafisha. Chomeka hedifoni za waya, angalia kwenye skrini ya kompyuta. Mambo yakikaa sawa, usiguse kitu.

Yasipokaa sawa, swali linalofuata ndilo la kuokoa muda: pengo ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, au linakua?

Pengo lisilobadilika kwa kawaida ni kosa la kupanga sauti na picha. Tafuta kofi la mwanzo wa shoti, au maneno yanayofunga midomo: "baba", "mama", "pole". Kwenye fremu (picha moja kati ya zinazounda video) ambayo midomo imefungwa kabisa ndipo hiyo b, m au p inapaswa kukaa. Kuna mtego mmoja hapa unaowapata watu wa harusi, misa na mikutano. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na kwa fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40. Maana yake, kamera iliyo mita 14 kutoka kwa msemaji inasikia fremu moja baadaye. Ikiwa nyuma ya ukumbi, mita 28, ni fremu mbili. Ukipanga sauti ya maiki ya kifuani kwa kufuata mawimbi ya sauti ya kamera, programu italinganisha vizuri kabisa, na kwa kufanya hivyo itahamishia ucheleweshaji ule kwenye sauti yako safi. Isogeze kushoto fremu moja au mbili, uangalie midomo tena.

Ukiwa na shaka, afadhali sauti ichelewe kidogo kuliko itangulie. Macho yetu yamezoea hivyo. Hata mtu akigonga nyundo ng'ambo ya uwanja, mlio hufika nyuma ya pigo. Mapendekezo ya ITU-R BT.1359, ya shirika la kimataifa la mawasiliano, yanaweka kiwango cha mtu kuanza kugundua kwenye takriban milisekunde 45 kwa sauti iliyotangulia, na 125 kwa iliyochelewa.

Pengo linalokua ni habari nyingine. Sababu ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali, ni video ya simu. Simu hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika au kichakataji kinavyolemewa, wakati programu nyingi za kuhariri zinategemea kasi isiyobadilika. Rekodi za skrini na za mikutano ya mtandaoni zina tabia hiyo hiyo. Fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha sifa za faili. Ukikuta kasi ya fremu imeandikwa "Variable", umempata. Lipitishe faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, uchague "Constant Framerate" na kasi ya mradi wako, ubora juu, *kabla* ya kuanza kukata. Kama ulishakata, lipe faili jipya jina lile lile, ulibadilishe, kisha kagua mikato ya mwisho wa klipu. Hiyo ndiyo itakayokuwa imehama zaidi.

Sababu ya pili ni kasi ya fremu 30 kwa sekunde dhidi ya 29.97, au 24 dhidi ya 23.976. Tofauti ni sehemu moja kwa elfu, yaani sekunde 3.6 kwa saa. Hotuba ya saa nzima ikiishia na pengo la sekunde tatu na nusu, huna haja ya kubahatisha tena. Ya tatu ni sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 48 kHz kusomwa kama 44.1, au kinyume chake. Hii inajitangaza yenyewe kwa sababu mtu anasikika mzito kama ana mafua, au mwembamba. Mwisho kabisa ni rekoda za bei ndogo ambazo saa yake ya ndani haiko sawasawa na ya kamera. Hapo kata sauti kwenye ukimya kila baada ya dakika kadhaa, uipange upya. Ni kazi ya kuchosha, lakini inafanya kazi.

Picha inakwamakwama wakati wa kuhariri

Watu hukimbilia kununua RAM. Subiri. Tazama kwanza kama kompyuta imechomekwa kwenye umeme, maana nyingi hujipunguza nguvu zikiwa kwenye betri. Punguza ubora wa kuchezea hadi nusu au robo. Angalia diski: ikikaribia kujaa inapungua kasi, na diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0 haitakupa zaidi ya megabaiti 40 hivi kwa sekunde hata ukiibembeleza. Gusa sehemu ya kutolea joto. Kwa vumbi letu, feni iliyoziba ni sababu ya kweli, si ya vitabuni.

Kama hayo yote yako sawa, tatizo ni kodeki, yaani namna video ilivyobanwa. H.264 na H.265 hazihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi chache na kueleza zilizobaki kwa tofauti tu. Kila unapoburuta kichwa cha kuchezea, kompyuta inalazimika kurudi kwenye fremu nzima iliyo karibu na kujenga upya zote zilizo katikati. Kibaya zaidi ni H.265 ya biti 10 yenye 4:2:2 kutoka kamera mpya za Sony na Canon: kadi nyingi za michoro haziifungui zenyewe, kazi yote inaangukia kichakataji. Mtu ana mashine ya mamilioni na bado inakwama, akidhani ameuziwa feki.

Dawa ni proksi: nakala nyepesi za ProRes Proxy au DNxHR LB (kodeki zinazofunguka kirahisi) unazokatia, kisha programu inarudi kwenye mafaili halisi wakati wa kutoa kazi. Zitengeneze usiku ukalale. Ukizitengeneza nje ya programu, hakikisha zina idadi ile ile ya chaneli za sauti kama asili, la sivyo programu ya kuhariri ya Premiere Pro itazikataa.

Simama hapa: betri ikianza kuvimba na kuinua kibodi au sehemu ya kugusia, zima kompyuta, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi. Hakuna tarehe ya mteja inayozidi hilo.

Klipu zimepotea, skrini nyekundu

Mara nyingi hazijapotea. Diski ya nje imebadilishiwa herufi yake (kama D: au E:) na Windows, au mtu amepanga upya folda kwa nia njema. Rudisha herufi, au mwonyeshe programu klipu moja mahali ilipo. Nyingine za folda hiyo huja zenyewe. Sababu inayofuata ni klipu zilizoburutwa moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu au folda ya vipakuliwa, kisha kadi ikafutwa. Hizo ndizo zilizopotea kweli.

Hatari zaidi ni klipu *kurudi vibaya*. Kamera nyingi za Sony huanza kila kadi na C0001. Ukiwa na kadi nne za siku moja, una C0001 nne, na programu ikiulizwa inachukua ya kwanza inayoikuta. Bibi harusi anageuka kuwa mchungaji. Usibadilishe majina baada ya kuanza kazi. Kila kadi iwe na folda yake tangu siku ya kwanza, au weka tarehe kwenye jina ndani ya kamera yenyewe.

Kwa kamera zinazorekodi kwa mfumo wa AVCHD, wenye mafaili ya MTS, nakili kadi nzima na folda zake zote, si mafaili hayo peke yake. Rekodi ndefu hukatwa vipande ndani ya kadi, na ukiviingiza kimoja kimoja utasikia sauti ikiruka kila pale vinapoungana.

Mistari inayotembea, nyuso zilizoungua, rangi iliyofifia

Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa 50 Hz, hivyo taa huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kamera au simu iliyopangwa kwa mfumo wa Marekani, fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/60, haiendani na mwendo huo na picha inapata mistari au mpapatiko. Kinga ni fremu 25 na shata 1/50 au 1/100. Ukishachelewa, jaribu kwanza ujanja wa zamani: weka nakala ya klipu juu yake, isogeze fremu moja, iwe nusu uwazi. Kwa mahojiano ya mtu aliyekaa unasaidia. Kwa mtu anayecheza ngoma utapata ukungu. Programu ya DaVinci Resolve, ile ya kulipia, ina efekti ya kuondoa mpapatiko inayofanya vizuri zaidi. Mistari mizito ikipita juu ya uso unaotembea, mpe mtaalamu wa rangi au omba shoti irudiwe. Na zile taa za LED za bei ya chini, zikipunguzwa mwanga, zinaweza kupapatika kwa mwendo wao wenyewe ambao hakuna shata inayoupatanisha.

Nyuso zilizoungua siku hizi mara nyingi ni za HDR, video yenye mwanga mpana kuliko wa kawaida. iPhone tangu toleo la 12, la mwaka 2020, hurekodi hivyo, na video hiyo ikiwekwa kwenye taimlaini ya Rec.709, kiwango cha rangi cha video za kawaida, bila kutafsiriwa, mwanga unapasuka. Usivute mwangaza chini. Iambie programu ibadilishe mfumo wa rangi wa klipu, uso utarudi na maelezo yake yote. Picha ya kijivu isiyo na uhai inaweza kuwa ni Log, namna ya kurekodi ambayo imeumbwa hivyo na inasubiri LUT, faili la kuitafsiri rangi.

Na kama rangi imefifia *baada* ya kutoa faili, na unatumia Mac, fungua faili hilo kwa VLC, kwenye simu na kwenye televisheni kabla ya kusikitika. QuickTime, kichezeo cha video cha Mac, huonyesha video nyingi za Rec.709 nyeupe kidogo. Anayeongeza giza ili ipendeze QuickTime anampelekea mteja filamu nyeusi. Mteja akisema picha "imekufa" na uliituma kama video ya WhatsApp, itume tena kama waraka.

Kwenye simu mtu haongei, kwenye spika anaongea

Hii inawaumiza wanaochukua sauti kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya ukumbi au kanisa. Waya wa XLR, ule wa pini tatu, ulioingizwa kwenye tundu dogo la stirio la kamera unaweza kupeleka sauti ile ile upande wa kushoto, na kinyume chake upande wa kulia. Kwenye hedifoni inasikika pana na ya ajabu. Simu ikizichanganya pande mbili, zinafutana na sauti ya msemaji inabaki mwangwi tu. Chukua chaneli ya kushoto peke yake, uijaze pande zote mbili. Umemaliza.

Sauti ikirudishwa na kituo cha televisheni kwa kuwa juu au chini mno, usikisie kwa sikio. Waombe vipimo vyao. Kiwango cha EBU R128 cha watangazaji wa Ulaya ni −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), YouTube huzishusha zinazozidi takriban −14, na faili moja haliwezi kufaa kote.

Mkato unagonga, au sini inachosha

Hapa programu haina kosa. Mkato unaogonga kwa kawaida ni shoti mbili za mtu yule yule, umbali ule ule, pembe ile ile: anaonekana kama amerukaruka. Kamera inapaswa kuhama angalau digrii 30, au ukubwa wa picha ubadilike waziwazi. Kama shoti ya namna hiyo haipo, kata katikati ya tendo. Anapoanza kuketi, toka. Shoti inayofuata imdake akimalizia kuketi. Jicho linafuata mwili, halina muda wa kuhesabu fremu.

Sababu ya pili ni kuvuka mstari, yaani kamera kuhamia upande wa pili wa mstari unaowaunganisha wazungumzaji. Watu wawili wanaozungumza wanaonekana wote wakitazama upande mmoja, kana kwamba kuna mtu wa tatu nje ya fremu. Weka katikati shoti ya mbele moja kwa moja, au ile ambayo mmoja anavuka mbele ya kamera. Kugeuza picha kama kwenye kioo ni njia ya haraka, lakini kagua maandishi ya fulana, namba za gari, na mkono. Ukimgeuza mzee aliyekuwa akila ugali, sasa anakula kwa kushoto, na hakuna mtazamaji wetu atakayesikia tena mazungumzo.

Sini inayochosha mara nyingi imeanza mapema mno. Geti linafunguliwa, gari linaingia, mlango wa gari, hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, karibu kiti. Mhariri anaambiwa "kata salamu", anazikata zote, na hapo anaharibu kitu kingine: mkwe aliyeingia kwa mama mkwe bila shikamoo amekuwa mtu mwingine kabisa kwenye hadithi. Mtazamaji ataisoma kama dharau. Jaribu hivi. Anza na mama mkwe akichambua mchele kwenye ungo. "Shikamoo mama" isikike ikitoka nje ya picha, wakati bado tunamtazama yeye. Ajibu "marahaba" bila kuinua macho. Ndipo umkatie mkwe, ambaye tayari ameketi. Geti, gari na kiti vimeondoka, adabu imebaki, na tumejua hali ya nyumba kabla mtu hajasema neno la maana.

Kosa jingine ni kumkatia kila anayesema. Zima sauti, tazama sini nzima, ujiulize ni ya nani. Mara nyingi ni ya anayesikiliza. Walter Murch, mhariri wa Marekani, katika vigezo vyake sita vya mkato mzuri aliipa hisia asilimia 51, na mwendelezo wa nafasi asilimia 4 tu. Ndiyo maana kikombe kilichohama sentimita mbili mezani kisikufanye uache shoti ambayo machozi yalitoka ya kweli.

Simama hapa pia. Kama shoti inayohitajika haikupigwa, usiifunike kwa efekti na muziki wa huzuni. Mpigie mwongozaji mapema, wakati waigizaji bado wanapatikana na ndevu hazijanyolewa.

Faili la mwisho halitoki

Andika pale linapokwama. Likikwama mahali pale pale kila mara, nenda kwenye sekunde hiyo: kuna klipu mbovu, efekti au fonti inayoleta shida. Izime, toa kipande hicho peke yake, thibitisha. Likikwama popote, ni joto, kumbukumbu au nafasi. Nafasi piga hesabu: filamu ya dakika 90 kwa megabiti 20 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 13.5, na baadhi ya programu huhitaji nafasi ya ziada wakati zikiandika. Kisha badilisha kutoka usimbaji (kazi ya kubana video) wa kadi ya michoro kwenda wa kichakataji. Ni wa polepole ila hauanguki ovyo. Ukishindwa kabisa, toa filamu kwa vipande kwa ProRes au DNxHR, uviunge kwenye mradi mpya.

Faili likitoka lakini likakataa kunakiliwa kwenye flashi, flashi imeumbizwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, ambao haupokei faili linalofika gigabaiti 4. Hamisha vilivyomo, uiumbize kwa exFAT.

Mradi usiofunguka kabisa jaribu kuuingiza ndani ya mradi mpya, kisha futa kashe (mafaili ya muda ya programu), kisha fungua nakala za kujihifadhi zenyewe ukianza na ya karibuni na kurudi nyuma.

Diski inagonga, au kadi inasema iumbizwe

Hapa utatuzi wa nyumbani unaisha mapema. Diski inayotoa mlio wa tak-tak, au inayopotea na kurudi, itoe kwenye umeme sasa hivi. Usiendeshe programu ya kurekebisha diski, usiijaribu kwenye kompyuta nyingine tano, usiiweke kwenye friji. Kila sekunde inayozunguka, kichwa kinaweza kuwa kinakwangua sahani zenye kazi yako.

Kadi iliyofutwa kwa bahati mbaya, lakini nzima, ina nafasi nzuri zaidi: usirekodi chochote juu yake, sukuma kile kitufe cha kufunga, halafu endesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, huku ukihifadhi kinachopatikana kwenye diski *nyingine*. SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, ni ngumu zaidi, kwa sababu kompyuta huiagiza isafishe yaliyofutwa kimyakimya, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Ichomoe bila kusubiri.

Ukienda kwa mtaalamu wa kuokoa data, mwambie aina ya kamera, aina ya mafaili, ilikuwaje kabla ya kuharibika, na kila ulichokwisha kujaribu, hata kile unachoona aibu kukitaja. Muulize kabla hajaanza kama atafanya kazi kwenye nakala ya diski au kwenye diski yenyewe. Akisema kwenye diski yenyewe, mtafute mwingine.